Swichi ya Njia Tatu

Limekuja limefungwa kwenye gunia la mbolea,
gitaa la mzee Andengulile, shingo nje kama kuku wa sokoni.
"Binti," kasema, "limeanza kukohoa.
Nikilipeleka solo linakatika,
nikilirudisha rithim linavuma kama nyuki ndani ya debe.
Jumamosi kuna harusi Uyole. Nifungie swichi mpya."

Swichi mpya! Mwanjelwa nzima
utapata swichi ya feni, ya pasi, ya bajaji,
swichi ya taa inayowaka kwa kupigiwa makofi.
Ya gitaa lililopanda treni kutoka Zambia
mwaka ambao mimi sijazaliwa,
hiyo hakuna. Nikamwambia aketi.

Juni, na Loleza umejivuta ukungu hadi shingoni.
Vidole vimekufa ganzi;
skrubu nne nazitoa nikizihesabu kwa sauti,
nazitia kwenye kizibo cha soda zisinitoroke.
Bamba likaachia. Harufu ikatoka:
vumbi, nta, jasho la kumbi ambazo sasa ni maghala ya viazi.

Swichi yenyewe ni kitu kidogo, hata aibu kukitaja:
ndimi tatu za shaba
kazi yao kugusana na kuachana, kugusana na kuachana,
nazo zimeota kutu ya kijani.
Nikakata ukingo wa bahasha, nikauchovya spiriti,
nikaupitisha kati ya ulimi na ulimi.
Ukatoka mweusi. Wa pili, mweusi. Wa tano, kijivu.
Wa nane ulitoka kama ulivyoingia.

Ndipo nikauona uzi.
Uzi mwekundu wa cherehani, umepakwa nta,
umebana nyaya kwa mafundo mawili na nusu,
na lehemu imekaa kama punje ya mtama, haina mkia.
Aliyefunga hivi mji huu alikuwa mmoja,
Fundi Lwitiko, aliyenifundisha kushika pasi ya kulehemu
kwa kunichoma nayo mara moja tu.
Mwaka wa sita tangu tumzike,
na leo nimemkuta humu, na amekosea.

Waya wa solo kaupeleka juu,
wa rithim kaushusha chini.

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa tatu.
Nikatoa pasi yake ya zamani, ile ya kichwa cha shaba,
nikaomba makaa kwa mama Sekela anayechoma mahindi,
nikakata uzi, nikayeyusha, nikahamisha, nikapuliza,
nikijihisi kama mtu anayemsahihishia mwalimu daftari.

Alasiri umeme ukarudi. Mzee akachomeka,
akatangatanga kidogo kwenye rithim,
kisha kidole kikasukuma swichi bila macho kufuata,
na solo haikuja.
Ikaja sauti nene, nzito,
kama umeita mtu akaitika kaka yake.
Akasukuma tena. Akausimamisha mkono, akautazama
kama mtoto aliyemjibu vibaya mbele ya wageni.
"Umeliharibu," akasema.

Nikamweleza. Nikamchorea nyuma ya kalenda.
Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.
"Inawezekana," akasema. "Lakini mimi
miaka thelathini na minane solo iko juu.
Gizani, juu. Nimelewa, juu.
Nimetoka kumzika mke wangu, wakaniita nipige, juu."

Skrubu nne tena, kwenye kizibo.
Waya wa solo juu. Wa rithim chini.
Uzi mwekundu sikuwa nao, nikachukua wa buluu,
nikaupitisha kwenye mshumaa,
nikafunga fundo la kwanza, la pili.
Lile nusu lilinishinda. Nilijaribu mara tatu, likafumuka,
nikaliacha hivyo.

Hakujaribu tena. Alilipa nusu,
nusu nyingine akaniachia maharage,
akalivisha gunia lake, akasema "Ndaga," akaondoka.
Lakini mkono ulikuwa umebaki ndani ya gunia:
nilimsikia akipita kwa mama Sekela, kwa muuza mitumba,
ka, ka, ka,
juu, kati, chini,
akilizoea upya kitu alichokuwa nacho siku zote.